MAFUNZO YA KUKINGA HATARI: KAUNTI ZICHANGE PAMOJA

Ndugu Wafanyakazi wa Kuresoi na wa Bonde la Ufa,

Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, makadirio ya fedha ya kaunti hupelekwa mbele ya Bunge la Kaunti, na tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha huanza. Katika miezi hiyo sisi wafanyakazi huwa na neno moja tu la kusema, nalo ni mishahara. Ni neno la haki wala hatuliachi. Lakini twataka kuongeza neno la pili, ambalo kwa miaka mingi tumewaachia wakubwa peke yao.

Neno lenyewe ni hili. Twataka kaunti nne zinazokutana hapa kwetu, yaani Nakuru, Kericho, Bomet na Narok, zichange fedha pamoja za kuwafundisha watu wake wote kuziona hatari mapema na kuzizuia kabla hazijaua mtu wala kuharibu mali. Tukisema watu wake wote, maana yetu ni wote: mkuu wa idara aketiye ofisini, dereva wa lori la takataka, mwuguzi wa zahanati, karani wa soko, mzima moto, mlinzi wa lango, na kibarua ashikaye koleo mtaroni.

Wengine watasema, "Haya ni mambo ya wakubwa na ya makampuni ya bima, yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu sana, na sababu zake twazieleza hapa moja moja.

HATARI HAIJUI MPAKA

Tazameni mambo yaliyotokea karibu na nyumbani kwetu. Tarehe 31 Januari 2009, pale Sachangwan katika barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, lori la petroli lilianguka. Watu wakaja na madebe kuchota mafuta, moto ukawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Patel huko Solai, lililokuwa la shamba la mtu binafsi, lilipasuka usiku. Maji yakazoa nyumba za vijijini na watu wasiopungua 47 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori lilipoteza njia likawaparamia wachuuzi na matatu kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Tena tarehe 29 Aprili 2024, usiku, maji yalishuka Mai Mahiu yakaua watu zaidi ya 45. Wizara ya Maji ilieleza wakati huo kwamba maji yalikuwa yamezuiliwa kwenye njia ya chini ya reli iliyoziba kwa takataka, kisha yakabomoa yakapita.

Sachangwan, Solai na Mai Mahiu ziko katika Kaunti ya Nakuru. Londiani iko Kericho, lakini ukitoka Mau Summit upande wetu wa Kuresoi Kaskazini, huko si mbali. Barabara ni ile ile, malori ni yale yale, na wachuuzi wauzao viazi na mahindi kando ya lami ni watu wa namna moja upande huu na upande ule. Vivyo hivyo Mto Mara waanzia katika msitu wa Mau, na maji yake yashuka Bomet na Narok. Mtu akikata miti huku juu, mafuriko yawapata walio kule chini. Ugonjwa wa mifugo ukitoka mnada wa upande mmoja, wiki ijayo umefika mnada wa upande wa pili. Hakuna lori lililowahi kusimama mpakani likauliza hii ni kaunti ya nani.

Basi ikiwa hatari ni moja, mbona kila kaunti yajifundisha peke yake, au haijifundishi kabisa?

Tukumbuke pia hatari zisizo za moto wala za maji. Bwawa la Itare hapa Kuresoi lilianza kujengwa mwaka 2017. Mwaka 2018 kazi ikasimama, wakati kampuni ya Kiitaliano iliyopewa kazi hiyo, CMC di Ravenna, ilipoingia katika shida ya fedha kwao Ulaya. Mradi ule haukuwa wa kaunti. Ulikuwa wa serikali kuu. Lakini vijana waliokuwa na kazi pale ni wetu, na wenye maduka na nyumba za kupangisha walioweka akiba yao kwa kutumaini mradi ni wetu. Kupima kama mwenye kandarasi ana nguvu ya kumaliza kazi nako ni kuangalia hatari, na ni elimu ambayo karani wa manunuzi wa kaunti apaswa kuwa nayo kama vile mzima moto apaswavyo kujua kushika mpira wa maji.

NANI HUFIKA KWANZA?

Hatari inapokuja, anayeifikia kwanza ni mfanyakazi wa chini. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kuzima moto na kusimamia majanga, pamoja na barabara za kaunti, mifereji ya maji ya mvua mijini, uzoaji wa takataka, masoko, zahanati na hospitali za kaunti. Ukizihesabu kazi hizo utaona kwamba karibu kila moja yafanywa na mwanachama wetu au na kibarua ambaye bado hajawa mwanachama.

Mtu wa takataka ndiye ajuaye mtaro upi umeziba, kwa maana aupita kila siku. Karani wa soko ndiye ajuaye ya kuwa wachuuzi wamesogea mpaka kwenye lami. Dereva ndiye ajuaye ya kuwa breki za gari la kaunti zimechoka. Mwuguzi wa usiku ndiye ajuaye ya kuwa mtungi wa kuzima moto uliotundikwa ukutani ni mtupu. Watu hawa wanayo habari yote ambayo mkubwa angeilipia pesa nyingi kwa mtaalamu kutoka Nairobi. Lakini hakuna aliyewafundisha waiandike wapi, wampe nani, na wafanye nini ikiwa yule waliyempa ameitia sandukuni akanyamaza.

Twaona pia ya kuwa mfanyakazi ambaye hakufundishwa huwa wa kwanza kuumia na wa kwanza kulaumiwa. Mtaro ukipasuka, huulizwa, "Nani alikuwa zamu?" Haiulizwi, "Nani alimfundisha aliyekuwa zamu, na fedha za kumfundisha zilikwenda wapi?"

SHERIA IKO UPANDE WETU

Wakubwa wasituambie ya kwamba twaomba zawadi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamwamuru mwajiri kuwapa wafanyakazi wake habari, maagizo, mafunzo na usimamizi wa kutosha ili wawe salama. Sheria hiyo hiyo yataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Nazo Kanuni za Fedha za Serikali za Kaunti za mwaka 2015 zamtaka afisa mwenye kutunza hesabu ahakikishe kwamba kaunti ina mipango ya kuangalia hatari, pamoja na kuzuia wizi na udanganyifu.

Kwa hiyo kaunti haina la kuchagua kati ya kufundisha na kutofundisha. Sheria imekwisha kuchagua. Lililobaki ni fedha zitoke wapi na zitumike namna gani.

Hapa yafaa tulijibu neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi: "Kaunti ina Mfuko wa Dharura, zitumieni hizo." Ndugu zetu, Mfuko wa Dharura chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 ni wa jambo la haraka ambalo halikutazamiwa, na malipo yake kwa mwaka mmoja hayaruhusiwi kupita asilimia mbili ya mapato ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Mafunzo ni jambo lililotazamiwa. Mvua za Aprili zatazamiwa. Malori ya barabara kuu yatazamiwa kila saa. Huwezi kuchota katika fedha za kisichotazamiwa ukalipia jambo ambalo kila mtu alitazamia. Mafunzo yahitaji fungu lake lenyewe katika bajeti, lenye jina lake na kiasi chake, ili kila mtu alisome na kuuliza limetumika vipi.

KWA NINI KUCHANGA PAMOJA?

Sababu ya kwanza ni gharama. Mwalimu mzuri wa kazi ya kuzima moto, au wa kukagua mabwawa, au wa hesabu za bima, hulipwa sawasawa akifundisha watu 10 au watu 40. Kaunti moja yaweza kuwa na watu wachache tu wa kazi fulani. Ikimwita mwalimu peke yake, yalipa fedha nyingi kwa viti vitupu. Kaunti nne zikikusanya watu wao, darasa lajaa na gharama ya kila mmoja yashuka. Hii ndiyo hesabu ya chama cha ushirika, na wakulima wa pareto na wa maziwa wa Molo waijua tangu zamani.

Sababu ya pili ni kuelewana. Siku ya ajali kubwa kule mpakani watafika wauguzi wa kaunti mbili na magari ya zima moto ya kaunti mbili. Ikiwa hawakuwahi kukaa darasa moja, kila mmoja ana amri zake na majina yake ya vitu. Ikiwa walifunzwa pamoja, wajuana kwa sura na kwa simu. Dakika zinazopotea katika kuulizana "wewe ni nani?" ni dakika za uhai wa mtu.

Sababu ya tatu yatuhusu sana sisi wa Kuresoi. Nchi hii yetu iliona machafuko mwaka 1992, na tena mwaka 2007 na 2008, watu wakachomewa nyumba na jirani akamkimbia jirani. Wafanyakazi wa lugha mbalimbali wakijifunza pamoja namna ya kuokoa maisha, bila kuuliza mtu ametoka ukoo gani, hiyo nayo ni kinga. Chama cha wafanyakazi ni mahali pachache ambapo Mkalenjin, Mkikuyu, Mkisii na wengine hukaa meza moja kwa shida moja. Na darasa hili liwe meza ya namna hiyo.

Na sheria ya kuchanga ipo. Kifungu cha 189 cha Katiba chaziruhusu serikali kushirikiana katika kazi zao, na kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Magavana hawahitaji kungoja sheria mpya kutoka Nairobi. Wahitaji kuweka sahihi tu.

WENZETU WAMEFANYA NINI?

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, katika miaka ya 1970 na 1980, makampuni ya bima yalipandisha bei au kukataa kabisa kuziwekea bima serikali ndogo za miji na wilaya. Nyingi kati ya hizo ziliungana zikaunda mifuko yao ya pamoja. Punde si punde ziliona ya kwamba mfuko hauwezi kudumu ikiwa kazi yake ni kulipa tu. Lazima madai yapungue. Basi mifuko hiyo ikaanza kuwafundisha madereva, polisi na watu wa barabara wa kila mji mwanachama, kwa kuwa ajali ya mji mmoja yalipwa na fedha za miji yote.

Huko Uingereza mambo yalikwenda vingine, nako kwatupa onyo. Mwaka 1903 halmashauri za miji zilianzisha bima yao wenyewe, iliyoitwa Municipal Mutual. Ilikua ikawa kubwa, lakini mwaka 1992 ikaacha kuandika bima mpya kwa sababu ya upungufu wa fedha. Miaka mingi baadaye halmashauri zilizokuwa wanachama ziliitwa kulipia madeni ya zamani. Katika madai hayo yalikuwamo ya wafanyakazi walioumwa mapafu kwa kuvuta vumbi la asbesto kazini. Fikirini jambo hilo: mfanyakazi hakulindwa siku ile, na deni lake likawafuata mabwana mpaka vizazi vingine. Bima peke yake haitoshi. Bima hulipa baada ya mtu kuumia. Mafunzo huja kabla.

Na hapa Afrika Mashariki, ndugu zetu wa Tanzania wana Chuo cha Serikali za Mitaa huko Hombolo, karibu na Dodoma, ambacho kazi yake ni kuwafundisha watu wa halmashauri. Sisi Kenya tunayo Kenya School of Government, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, nayo ina tawi lake Baringo, si mbali sana na sisi. Makao yake makuu ya Kabete yana historia ambayo mwanachama wetu yafaa aijue. Mahali pale palikuwapo Jeanes School, na ndipo Tom Mboya aliposomea kazi ya ukaguzi wa afya kabla ya kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kutoka kazi hiyo ya kukagua usafi ndipo alipoanza kuwaunganisha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Tangu mwanzo, kazi ya kuilinda jamii na hatari na kazi ya kuunda chama cha wafanyakazi zilitembea njia moja.

HESABU YENYEWE

Sasa tuje kwenye shilingi, maana maneno bila hesabu ni upepo. Kenya tayari ina mfano wa mchango wa mafunzo: waajiri hulipa ada ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo husimamiwa na NITA. Tuchukue kipimo hicho hicho kwa mfuko wetu wa kaunti nne.

Tuseme, kwa mfano tu, kaunti moja ina wafanyakazi 5,000. Shilingi 50 kwa mwezi ni shilingi 600 kwa mwaka kwa kila mmoja. Kaunti hiyo yatoa shilingi 3,000,000 kwa mwaka. Zikiwa nne za ukubwa huo, mfuko una shilingi 12,000,000.

Sasa ilinganisheni na gharama ya ajali. Chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007, mfanyakazi aliyelemaa kabisa hupimiwa fidia yake kwa mapato ya miezi 96, kwa mipaka iliyowekwa. Mfanyakazi apataye shilingi 25,000 kwa mwezi, miezi 96 ni shilingi 2,400,000. Watu watano wa namna hiyo ni shilingi 12,000,000. Yaani mfuko wote wa kaunti nne kwa mwaka mzima ni sawa na wafanyakazi watano waliolemaa. Ukizuia watano tu, mfuko umekwisha kujilipa. Na hapo hatujahesabu gari lililoungua, kesi za mahakamani, wala machozi ya watoto, ambayo hayana bei.

Na fedha hizo zitoke kwa mwajiri. Tunalisema wazi ili pasiwe na ujanja baadaye: hata senti moja isikatwe katika mshahara wa mfanyakazi. Sheria imemwekea mwajiri mzigo huu, naye na aubebe.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako wanachama wetu wenyewe wasemao, "Mishahara yachelewa, fedha za kaunti zachelewa kutoka Hazina, nanyi mwatuletea habari za mafunzo. Mafunzo hayaliwi." Twawaheshimu ndugu hawa, kwa maana njaa ni ya kweli, na mwenye kuidai kodi ya nyumba hangoji semina. Lakini twawauliza: mshahara ni wa nani, ikiwa mwenyewe amelala hospitali? Chama kinachopigania mshahara bila kupigania uhai wa mwenye mshahara kimefanya nusu ya kazi. Mambo haya mawili yadaiwe pamoja, katika mkataba mmoja, wala moja lisitumiwe kuliua lingine. Mkubwa akisema, "Chagueni mshahara au mafunzo," jibu letu ni kwamba sheria yataka yote mawili.

Wengine wasema, "Fedha za mafunzo tumekwisha kuziona, huishia hotelini Naivasha na Mombasa, wakubwa wakala posho, wakarudi na mikoba." Maneno haya yana ukweli wake, na hatutayafunika. Semina ya siku tatu kando ya bahari haikumfundisha mzima moto hata mmoja kupanda ngazi. Lakini dawa ya fedha zilizotumiwa vibaya si kuzifuta fedha; ni kuziwekea mlango na ufunguo. Ndiyo sababu twaweka masharti hapa chini.

Wako pia wakubwa wasemao, "Kila kaunti ina mambo yake, tukichanga, mkubwa atamla mdogo." Hofu hiyo si ya bure, kwa kuwa Nakuru ni kubwa na mji wake umekuwa jiji tangu mwaka 2021. Basi mchango uwe kwa hesabu ya wafanyakazi, lakini kura mezani ziwe sawa, na madarasa yazunguke. Leo Molo, kesho Londiani, mwezi ujao Bomet, kisha Narok, kisha Keringet au Olenguruone.

MASHARTI YETU

Chama na kiende mezani na masharti haya, wala kisirudi bila ya hayo.

Kwanza, mkataba wa kaunti nne uandikwe, utiwe sahihi na magavana, na upitishwe na Mabunge ya Kaunti, ili gavana mpya asije akautupa baada ya uchaguzi.

Pili, mfuko uwe na hesabu yake mbali, ukaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hesabu hizo zibandikwe kila mwaka kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo cha kazi, kwa Kiswahili.

Tatu, nusu ya viti vya kamati ya mfuko iwe ya wafanyakazi, waliochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, wala si walioteuliwa na ofisi.

Nne, mafunzo yafanywe kazini na wakati wa kazi, kwa malipo kamili ya siku. Yafanywe kwa lugha ambayo mtu aifahamu. Mtu wa mtaro afundishwe mtaroni. Dereva afundishwe garini. Mwuguzi afundishwe wodini. Fedha za mfuko zisilipie hoteli.

Tano, vibarua waingie tangu siku ya kwanza. Kibarua wa leo hutumwa mahali pa hatari zaidi, huku viatu vya gambuti na glavu amejinunulia mwenyewe. Mafunzo yakimruka yeye, yameruka kiini cha jambo.

Sita, kila kituo kiwe na Daftari la Hatari. Mfanyakazi yeyote aruhusiwe kuandika ndani yake alichokiona, tarehe na mahali. Msimamizi aandike kando amefanya nini, na lini. Kila miezi mitatu daftari lisomwe na kamati ya usalama, na muhtasari wake upelekwe Bunge la Kaunti. Mtu asiadhibiwe kwa kuandika ukweli. Mafunzo bila daftari ni mbegu bila shamba: mtu atajua kuiona hatari, lakini hatakuwa na mahali pa kuiweka.

KAZI YA KILA MMOJA WETU

Ndugu Wafanyakazi, hakuna magavana wanne watakaoamka asubuhi moja wakakumbuka jambo hili peke yao. Lazima likumbushwe, na wa kulikumbusha ni ninyi.

Mikutano ya wananchi kuhusu bajeti hufanywa katika wadi. Kuresoi Kaskazini ina wadi nne: Kiptororo, Nyota, Sirikwa na Kamara. Kuresoi Kusini nayo ina nne: Amalo, Keringet, Kiptagich na Tinet. Katika kila wadi wasikose wanachama wa kusimama na kuuliza swali moja kwa sauti: "Fungu la mafunzo ya kukinga hatari liko ukurasa gani, na ni shilingi ngapi?" Ikiwa halipo, na iandikwe katika kumbukumbu za mkutano kwamba wananchi wamelidai. Neno lililoandikwa ni zito. Neno lililosemwa hewani huchukuliwa na upepo wa Mau.

Katika kila kituo chenye watu 20 au zaidi, ulizeni kamati ya usalama iko wapi. Ikiwa ipo kwa jina tu, iamsheni. Ikiwa haipo, andikeni barua kudai iundwe, na nakala mwipeleke ofisi ya tawi la chama. Wajumbe wa matawi ya Kericho, Bomet na Narok nao tuwaite, tukae nao kikao kimoja kabla ya Aprili, ili madai yapelekwe katika kaunti zote nne kwa maneno yale yale. Tukienda mbalimbali, kila gavana atasema amngoja mwenzake.

Sachangwan, Solai, Londiani na Mai Mahiu hatuwezi kuzifuta, na waliokufa huko hatuwezi kuwarudisha. Wala hatusemi ya kwamba darasa moja lingewaokoa wote. Twasema jambo dogo ambalo hakuna mtu awezaye kulikataa: mtaro unaoziba leo yupo mtu anayeuona, na mtu huyo ni mfanyakazi. Na afundishwe, asikilizwe, na gharama yake ilipwe na wale wanaopata faida ya kazi yake.

Umoja ni nguvu.